Viwavi kwenye Mndimu na Waridi: Dawa Ipi Ununue Kwanza

Ingia duka la pembejeo useme una viwavi, na wauzaji wengi watakushushia kichupa cha Karate au Duduthrin kabla hujamaliza kueleza. Inaua, sikatai. Ila hapa nimeiweka mwisho.

Kwanza mtazame mdudu. Viwavi wachanga wa mndimu na mlimau hufanana na kinyesi cha ndege. Wakikua huwa kijani, na ukiwagusa hutoa vijipembe vyekundu vyenye harufu kali. Ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wakiwa wachache usinunue dawa: waokote, watumbukize kwenye maji ya sabuni. Vaa glavu, hasa kwa viwavi wa aina nyingine wenye manyoya, maana huwasha vibaya.

1. Bt. Kwenye lebo tafuta Bacillus thuringiensis kurstaki. Dipel na Thuricide ni za aina hii. Ni bakteria, na kiwavi hadhuriki mpaka ale jani lililopuliziwa. Huacha kula ndani ya saa chache, kisha hufa baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo ukimkuta kesho yake bado yuko juu ya jani usimgombeze muuzaji. Nyuki hawadhuriki, wala wadudu wanaowinda wadudu wenzao. Udhaifu wake ni jua, linaloimaliza nguvu kwa siku chache, na mvua inayoiosha. Viwavi wakubwa pia huihimili kuliko wachanga. Pulizia jioni, na upande wa chini wa majani usiusahau. Dukani soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyoanikwa juani dirishani iache hapo hapo.

2. Mwarobaini. Nimbecidine ni mfano. Hufanya kazi polepole: humzuia kiwavi kula na kujivua ngozi. Lakini hupunguza pia vidukari na inzi weupe, kwa hiyo kama waridi lako lina wadudu wote hao, anza na hii. Mafuta ya mwarobaini ya kupaka nywele si mbadala. Hayachanganyiki na maji bila sabuni, na ukiyapulizia jua likiwa kali majani huungua.

3. Spinosadi, kama Tracer. Ina nguvu kuliko hizo mbili, ila ikiwa haijakauka kwenye jani huua nyuki. Kichaka kilichochanua usikiguse nayo.

4. Pareto. Huangusha wadudu haraka, na juani huisha haraka vilevile. Ni sumu kwa samaki, hivyo mwenye bwawa aipite.

5. Karate, Duduthrin na wenzao. Ndani yake mna sumu ya wadudu iitwayo lambda-cyhalothrin. Tatizo ni kwamba inafagia pia wadudu waliokuwa wakikulindia bustani bure. Utitiri hupata nafasi ya kuzaana, majani yanageuka manjano, na wewe unarudi dukani kununua dawa nyingine. Nani kafaidika hapo? Ninayemwelewa akiitumia ni yule ambaye kichaka chake kimebaki vijiti.

Yoyote utakayochagua, iwe kwenye chombo ambacho hakijafunguliwa, chenye lebo na namba ya usajili ya mamlaka inayosimamia viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usiichukue hata kwa bure. Na kwa ndimu, soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma.