Rivyuu ya Writers' Hour: saa moja ya kuandika riwaya ukiwa na wenzako

Kama unaandika riwaya yako ya kwanza na watu wakikuuliza "hivi kile kitabu chako kiliishia wapi" unabaki kutabasamu tu, hii rivyuu nimekuandikia wewe. Naongelea Writers' Hour, huduma ya bure ya London Writers' Salon, jumuiya ya waandishi ya mtandaoni, walioanzisha ni Parul Bavishi na Matt Trinetti, ilianza 2020 kipindi kile corona imefungia watu ndani na mpaka leo ipo, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kiukweli katika vitu vyote nilivyojiunga navyo kwa ajili ya uandishi hiki ndo kinanifanya niamke nikiwa na hamu na muswada wangu, na nataka nieleze kwanini, maana ukisikia tu jinsi kinavyoendeshwa utasema kumbe ni hivyo tu?

Kinaendeshwa hivi. Unajisajili kwenye tovuti yao, unaingia Zoom, mwenyeji anakaribisha watu na kusema maneno mawili matatu ya kutia moyo, halafu anaomba kila mtu aandike kwenye chati leo anafanyia kazi kitu gani. Baada ya hapo ni kimya, dakika 50, kila mtu na kazi yake. Zikiisha mnarudi kwenye chati kusema imekwendaje, mmoja au wawili wanaongea kidogo, mnaagana. Basi. Hakuna somo, hakuna anayesoma ulichoandika, hakuna anayekuhesabia maneno.

Sasa uzuri wake unaanzia pale kwenye chati. Mnaingia watu wengi, mara nyingi mamia, kwa hiyo mwenyeji akishasema andikeni, ile chati inashuka kwa kasi mpaka macho hayafuati, mmoja anasema anarudia sura ya 3 kwa sababu mhusika wake amegoma kuondoka nyumbani, mwingine tasnifu, mwingine shairi, mwingine leo anamuua mjomba na hajisikii vizuri, mwingine ameandika tu "sentensi moja, nikipata moja natosheka". Unasoma hizo zikipita na unajikuta unacheka peke yako kwa furaha, maana hivyo ndo vitu ulivyokuwa unavibeba kichwani miezi na miezi ukidhani ni wazimu wako binafsi. Huyo wa mjomba sikuwahi kumuona sura ila siku ile nzima nilikuwa namuwaza.

Na kamera. Sio lazima uwashe, lakini nakushauri washa. Ukiinua macho kutoka kwenye ukurasa uliokukwama unaona kijumba baada ya kijumba cha watu wameinama, kuna mmoja huwa anatikisa midomo, nina uhakika anajisomea mazungumzo ya wahusika wake kusikia kama yanaongeka, na kuna bibi mmoja anaandika kwa kalamu kwenye daftari kubwa na hainui kichwa hata mara moja. Ukishamuona huyo bibi huwezi kuchukua simu. Hajakukataza mtu, ila mkono wenyewe unarudi kwenye kibodi.

Hapa niseme kitu ambacho nakiamini sana. Mwandishi chipukizi akiuliza nipate wapi wenzangu, jibu analopewa haraka haraka ni tafuta kikundi cha kukosoana, peleka sura zako zisomwe. Kuna tovuti nzuri tu za hivyo, nyingine zina utaratibu wa pointi kwamba ukikosoa kazi za wengine unapata pointi za kuweka yako isomwe, na ni utaratibu wa haki kabisa. Lakini kwa mtu ambaye hajamaliza rasimu ya kwanza mimi naona ni mapema mno. Hadithi yenyewe bado huijui, hujajua inaishaje, sasa mtu anakwambia sura ya kwanza inajikokota, na ana haki kusema hivyo, unarudi kuiandika upya, unampelekea tena, anasema sasa afadhali ila yule dada simwelewi, unarudi tena, mwaka unaisha uko na sura ya kwanza inayong'aa na sura ya 20 haipo popote. Rasimu ya kwanza inahitaji mtu wa kukaa na wewe tu. Ashuhudie kwamba ulikuja na ulikaa. Wahakiki watapata kazi yao, ipo mbele, tena nyingi.

Wanaokumbuka NaNoWriMo, ile changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja, watanielewa. Ile ilianza 1999 Marekani na watu 21 tu, lengo maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, ikaja kukua hadi kuwa na washiriki kila pembe ya dunia kila Novemba, na 2025 ikatangaza kufunga. Watu wengi waliandika riwaya yao ya kwanza humo kwa sababu ya ule msisimko wa kukimbia pamoja, na mimi naiheshimu kwa hilo. Ila hesabu yake ni maneno 1,667 kwa siku, kila siku, siku 30, na mtu mwenye kazi na watoto akikosa siku tatu mfululizo deni limeshafika 5,000 na moyo unaanza kuvunjika. Writers' Hour haina deni. Ukikosa Jumanne, Jumatano ipo vilevile na hakuna wa kukuuliza. Na usidharau hiyo saa moja, ukiandika maneno 300 kila kikao kwa siku tano ni 1,500 kwa wiki, riwaya ya maneno 80,000 unaimaliza kwa mwaka mmoja na kidogo, ukiwa bado unalala usingizi wako.

Kuhusu lugha, najua utauliza. Inaendeshwa kwa Kiingereza. Lakini ndo nikwambie faida ya kutosomewa kazi, kwenye chati naandika kwa kifupi tu kwamba niko sura ya 12, zile dakika 50 nazama kwenye Kiswahili changu na methali zangu na wahusika wangu wanaotukanana vizuri, na hakuna wa kuniambia nifafanue neno hili kwa msomaji wa mbali. Kwenye kikundi cha kukosoana cha Kiingereza hiyo riwaya isingepata hata mahali pa kukaa. Hapa inakaa sawa na ya mwingine yeyote.

Muda sasa. Vikao ni vinne kwa siku, kila kimoja ni saa mbili asubuhi ya mahali fulani: London, New York, Los Angeles na New Zealand. Kwa saa za London maana yake ni saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi jioni, na kile cha New Zealand kinaangukia usiku. Piga hesabu ya unapoishi uchague chako. Angalizo moja tu, Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo hapo katikati kuna wiki mbili tatu ambazo tofauti ya saa kati yao haiko kama ulivyozoea, angalia ratiba kwenye tovuti yao kabla hujaingia.

Ipo pia uanachama wa kulipia wenye warsha na mahojiano na waandishi, mimi nimebaki kwenye ya bure na imenitosha kwa rasimu nzima.

Jamii yenyewe inakuja polepole, usitegemee urafiki wiki ya kwanza. Unaanza kutambua majina, huyu ni yule wa riwaya ya baharia, huyu yuko sura ya mwisho toka mwezi uliopita, halafu asubuhi moja yule wa baharia anaandika kwenye chati "nimemaliza" na ile chati inalipuka, watu ambao hawajasoma hata mstari wake mmoja wanamshangilia kama ndugu, na mimi nikiwemo machozi yananilenga. Hakuna mchapishaji hapo, hakuna mkataba, mtu kamaliza rasimu tu, na furaha inatosha kabisa. Kupitia huko ndo nikapata watu wawili ambao sasa tunabadilishana sura, na kwa kuwa tulishakaa kimya pamoja muda mrefu kabla ya kusomana, wakinikosoa hainiumi rohoni, najua wanataka nifike.

Nyota tano kwa yeyote aliye kwenye rasimu ya kwanza, bila kusita. Kwa anayehariri nampa nne, kwa sababu dakika 50 zinaisha haraka ukiwa na sura nzima mkononi unapanga nini kitoke nini kibaki, huyo akae vikao viwili kwa siku akiweza.