Wiki mbili naangalia chaneli za michezo YouTube na wanangu: zipi zimebaki, zipi nimezifuta

Kilichonifanya nikae chini ni swali moja. Mwanangu ana miaka 9, tupo tunakula usiku akaniuliza mama, eti ova mbili nukta tano maana yake nini? Hiyo ni lugha ya kubeti, kwamba mechi itakuwa na magoli matatu au zaidi. Nikamuuliza umeitoa wapi hiyo, akasema kwa yule kaka wa kwenye simu anayechambua mechi. Mi siku zote nikimwona kainamia simu najiambia anaangalia mpira, afadhali mpira kuliko mambo mengine, na kweli alikuwa anaangalia mpira, ila katikati ya huo mpira kuna mtu anamfundisha kusuka mkeka, yaani kupanga mechi za kubetia, na hapa Tanzania kubeti mpaka uwe na miaka 18.

Basi nikaamua wiki mbili kila jioni homework ikiisha tunakaa wote, yeye na mdogo wake wa kike wa miaka 6, simu tunaunganisha na TV, anafungua chaneli zake mwenyewe bila mi kumchagulia. Nilitaka nione anachokiona yeye.

Nianze na hizo za uchambuzi, sitaji jina maana zipo nyingi na zinafanana. Nisiwe mnafiki, hao vijana mpira wanaujua, wanaeleza mpaka mtoto anaelewa kwa nini beki wa pembeni anapanda na nani anabaki kumzibia, mwanangu kajifunza vitu vingi pale. Shida ni kwamba video ya dakika kumi, dakika ya nne anasimamisha stori anatoa namba ya siri (code) ya kujisajili kwenye kampuni ya kubeti upate bonasi, mwishoni anasoma mkeka wa leo, link ipo chini pale. Na anaongea kwa furaha ile ile anayoelezea goli, kwa hiyo mtoto hawezi kujua hapa uchambuzi umeisha na tangazo limeanza. Alafu shuka kwenye komenti. Matusi ya nguoni, watu wanatukaniana mama zao kisa penati. Nimefuta zote, sijabakiza hata moja, na mtoto kanuna siku mbili nikamwacha anune.

Kilichonishangaza ni World Athletics, ile ya riadha. Sikudhani watoto wangekaa. Nikawawekea mwisho wa marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu wetu na yule Mjerumani Amanal Petros wanaingia uwanjani, wote wamepewa saa 2:09:48, tofauti ilikuwa sekunde 0.03 tu ikabidi picha ya mstarini iamue, Simbu kashinda. Jamani wanangu walisimama juu ya kochi! Waliirudia kama mara sita, kesho yake walikuwa wanakimbizana kutoka getini mpaka kwenye mwembe wanajirusha kifua mbele kama Simbu. Kwangu hicho ndo kipimo, video ikiisha mtoto anataka kutoka nje acheze au anataka nyingine na nyingine? Hii ilimtoa nje. Binti yangu yeye kamkamata Faith Kipyegon wa Kenya kwenye chaneli ya Olimpiki, dhahabu ya mita 1500 Rio, Tokyo na Paris, na nikamwambia huyu katikati hapo 2018 alijifungua mtoto ndo akarudi kukimbia tena. Hakuna mtangazaji anayegombana na mtu, hakuna mkeka. Kiingereza tupu lakini mbio haihitaji mkalimani.

Dude Perfect, wale Wamarekani watano wanaotupia mpira kwenye ringi kutoka juu ya majengo marefu. Walianza 2009 wakiwa wanafunzi wa chuo Texas na saivi wana sabskraiba zaidi ya milioni 60. Nilikaa nikisubiri nisikie tusi sikulisikia, wanacheka wao kwa wao, mmoja akikosa wenzake wanampa moyo. Ila wana yule mhusika wao anaitwa Rage Monster, mtu akishindwa mchezo anapandisha hasira anavunja vitu vyote, mtu mzima anajua ni maigizo, mtoto wa miaka 6 hajui. Zile nazipita. Na unatakiwa umweleze mtoto kwamba ule mpira ulioingia mara moja ulikosa mara nyingi sana, wao wanakuonyesha ule ulioingia. Mwanangu alikuwa anajiona hajui kitu kwa sababu anatupa mara tatu hauingii.

Chaneli za Simba na Yanga zenyewe, mazoezi, safari, wachezaji wanataniana kambini, kwa maudhui hazina tatizo na ni Kiswahili chetu. Lakini tusijidanganye, tangu SportPesa walipoingia 2017 kudhamini timu zote mbili kwa mpigo, watoto wetu wamezoea kuona kampuni ya kubeti kifuani kwa mchezaji wanayempenda. Uingereza klabu za Premier League zilikubaliana 2023 kwamba hayo matangazo yatoke mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26. Na sisi tungelizungumza hili kwa sauti, kwa kweli linaniuma. Nimeziacha, ila tunaangalia tukiwa wote na nimemweleza lile jina kifuani ni la nini.

Mieleka ya Kimarekani nimetoa. Mkubwa alimrukia mdogo wake kutoka kwenye kochi, mdogo kavimba bega, basi.

Sasa kitu ambacho wazazi wengi hatujui. YouTube ya kawaida akaunti ni kwa mtu wa miaka 13 kwenda juu, na chaneli kubwa za michezo nyingi hazijawekwa alama kwamba ni za watoto, ndo maana komenti zipo wazi. Zilizowekwa alama komenti zinazimwa. Ile YouTube Kids haina komenti kabisa na ina sehemu ya mzazi kuchagua chaneli moja moja, mtoto haoni kingine nje ya hapo, inataka uvumilivu kuipanga ila inafaa kwa huyu wa miaka 6. Kwa mkubwa nimezima ile ya video kujicheza zenyewe, maana huko ndiko anakopotelea, anaanza na goli la Jumamosi baada ya nusu saa yuko kwenye mkusanyiko wa wachezaji waliovunjika miguu, muziki mzito nyuma na picha inarudiwa polepole. Ile alilala vibaya.

Kwa hiyo zimebaki riadha, Olimpiki, wale watano wa Texas kwa kuchagua, na timu zetu mimi nikiwepo. Binti anataka netiboli sasa, na kila nikitafuta inayofundisha watoto kwa Kiswahili kuanzia kushika mpira sijaipata. Mwenye nayo anitumie jina, nitakaa niiangalie yote kwanza ndo nimpe.