Kuzuia tumbili nyumbani bila kuwaumiza: kipi ununue kwanza

Kwa sisi tunaoishi Diani, pwani ya kusini ya Kenya, tumbili na kima ni majirani wa kila siku, na dirisha la jikoni likiachwa wazi asubuhi, mkate haufiki mezani. Madukani kuna vitu vingi vinavyosifiwa kuwafukuza. Nimevipanga hapa kwa kigezo kimoja: je, kinamkatia mnyama njia ya chakula, au kinamtisha tu? Kitisho hakidumu. Tumbili huishi kwa makundi, wadogo hujifunza kwa kuwatazama wakubwa, na wakishaona kitu hakimdhuru yeyote hukipita kana kwamba hakipo.

1. Pipa la taka linalofungwa

Anza hapa hata kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu. Chagua pipa la plastiki nene lenye mfuniko unaobanwa pande mbili. Mfuniko wa kuegesha tumbili huuinua, na nyani huliangusha pipa zima, kwa hiyo lifunge kwenye nguzo kwa mnyororo. Ukiwa na pipa la zamani ambalo bado ni zima, fundi atalitia komeo kwa gharama ndogo. Maganda ya matunda yasilale nje, na bakuli la mbwa liondolewe akishakula.

2. Wavu wa chuma wa madirisha

Hapa ndipo pesa nyingi zinapofaa kwenda, na ndipo watu wengi huuziwa kisichofaa. Wavu wa mbu wa nailoni wanaurarua kwa mikono. Nondo za kuzuia wezi nazo zimeachana mno. Mtoto wa tumbili hupenya katikati yake huku wakubwa wakimsubiri nje. Kinachofaa ni wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya inchi 1, ufungwe juu ya nondo zilizopo. Upepo wa kaskazi unaingia kama kawaida, nawe hulazimiki kufunga vioo wakati wa joto.

Kwa pwani, swali la kwanza kwa muuzaji liwe la kutu, maana hewa ya chumvi hula chuma kitupu. Omba wavu uliopakwa zinki. Kila mahali fundi anapokata au kuchomelea, zinki huondoka, basi papakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Chuma cha pua hudumu zaidi ila ni ghali. Mimi ningekiweka jikoni tu. Na msisitizie fundi kwamba walau dirisha moja la kila chumba liwe na fremu ya bawaba na komeo la ndani. Moto ukizuka, watu wapate pa kutokea.

3. Kizimba cha mboga

Nguzo za boriti, waya wa kuku pande zote na juu. Usikubali kuambiwa paa si lazima: bila paa, umemjengea tumbili ngazi. Panda sukuma wiki na nyanya mbali kidogo na waya, kiasi cha urefu wa mkono, kwa kuwa mikono yao hupenya. Waya ukazwe sawasawa. Nyavu kuukuu za kuvulia samaki hupatikana kwa urahisi huku kwetu, lakini zikining'inia huwa mtego: tumbili, ndege na nyoka hunasa humo na kufa polepole. Tafadhali usizitumie. Migomba haihitaji kizimba. Kata mkungu ukishakomaa ungali mbichi, uuivishe ndani.

4. Maji ya pilipili

Ni rahisi na hayajeruhi. Mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha watoto wao, huhisi ukali wa pilipili, ndege hawauhisi. Mvua moja ya masika huyaosha, kwa hiyo yawe nyongeza tu.

5. Uzio wa umeme

Ni wa shamba kubwa linalovamiwa na nyani. Ununue pamoja na mashine yake maalumu inayotoa mshtuko mfupi, uwekwe na fundi mwenye leseni. Usiunganishe waya na umeme wa nyumbani kamwe. Huua wanyama na watoto wa watu. Matawi yanayoning'inia juu ya uzio hulifanya zoezi zima kuwa bure, lakini usifyeke miti yote. Mbega hula majani, si mkate wako, na wakikosa matawi hushuka barabarani au hupita kwenye nyaya za umeme. Ndiyo maana Colobus Conservation, shirika la kuhifadhi mbega, wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani.

Vya kuacha dukani

Nyoka wa plastiki: utafiti wa Amboseli uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kuwa tumbili ana mlio mmoja wa kutahadharisha nyoka, mwingine wa chui, mwingine wa tai. Mnyama anayewajua adui zake hivyo hataogopa kwa muda mrefu plastiki isiyosogea. Manati hutoboa macho. Sumu na tanzi zinakatazwa na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013, na sumu humfikia pia mbwa wa jirani.

Ukimkuta tumbili aliyejeruhiwa, usimshike. Wapigie KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au, kwa Diani, Colobus Conservation. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.