Nimewapeleka watoto Forodhani kabla ya kikao cha sheha, uzoefu wangu

Mtaani kwetu kuna maneno ya kuutengeneza ule uwanja wa kuchezea watoto na kuupa jina jipya, sheha, yaani kiongozi wetu wa mtaa, kashasema kila nyumba itoe maoni, mie nikaona kabla sijafungua mdomo niende kwanza Forodhani, ile bustani ya pwani Mji Mkongwe, Zanzibar, nikaangalie mahala palotengenezwa kweli pakoje. Tumekwenda Ijumaa baada ya laasiri, watoto wangu wawili, bibi yao na mie.

Kuingia bure, hamna tiketi. Watoto hata hawakutazama bahari, mbio mpaka sehemu yao ya kuchezea, pembea zimejaa lakini zamu zinakwenda, na yule wangu wa miaka sita kasukumwa na mtoto asiyemjua hata jina, dakika kumi washakuwa marafiki hataki tena kuondoka. Kilichonifurahisha khasa lakini ni bibi yao kupata pa kukaa kivulini, anawaona wote wawili bila ya kunyanyuka, maana goti lake linamsumbua. Viwanja vingi vinafikiriwa mtoto tu, alomleta mtoto atakaa wapi hakuna anayeuliza, mtu anasimama masaa mawili na pochi begani.

Bibi ndo akatuhadithia habari ya majina. Bustani ile ilitengenezwa 1936 kwa jubilii ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, ikaitwa Jubilee Gardens, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa Bustani ya Jamhuri, na yeye anasema toka utotoni hajasikia mtu kwao akisema "twende Jamhuri", ni Forodhani tu, kwa ile forodha ilokuwepo zamani. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulipoikarabati, na ukuta wa bahari ukatengenezwa pia, ikafunguliwa tena Julai 2009, jina lilobaki midomoni ni lile lile la watu.

Na kingine, watu wenyewe hawakupotea. Magharibi ilipokaribia wapishi wakaanza kupanga meza, nguo nyeupe na kofia zao, pweza, mishkaki, urojo, huku mashine ya miwa inalia na yule kijana anakunja muwa mara mbili na kipande cha tangawizi na ndimu katikati anaurudisha tena mpaka ukauke kabisa. Vijana wa makachu, wale wanaoruka baharini kwa mitindo, nao wako ukutani kwao, mmoja kapita mbio karibu yetu bukta inachuruzika maji, karuka, mwanangu wa kiume kashikilia mkono wangu kwa nguvu mpaka kichwa kilipotokeza tena. Ingekuwa wamefukuzwa wote hawa pakawekwa maua na mlinzi, mie nisingerudi.

Kasoro ninayo moja, muuzaji mmoja alinitajia bei nyengine baada ya kula na nilishamlisha bibi na watoto, nikalipa lakini roho iliniuma, kwaio jamani ulizeni bei kabla hamjagusa kijiti. Na ukienda na wadogo kaa mbali na ule ukuta, maji yapo hapo hapo chini.

Kikao chetu Jumapili. Nitasema uwanja ubaki na jina la Mwembeni tulivouita toka tuko wadogo sisi, hilo jina lengine linalotajwa tajwa hakuna mtoto atakayelitamka. Mwembe wenyewe usikatwe, chini yake zijengwe baraza mbili zinazoelekea pembea, na yule mama wa maandazi aachiwe pembe yake maana yeye ndo anayewaangalia watoto wetu sote wakitoka chuoni kusoma Kurani. Mwanangu kanipa na la kwake nilifikishe kwa sheha, kanirejelea mara tatu kwenye daladala nisisahau: pembea ziwe nne, sio mbili.