Tairi Gani Ununue: Angalia Unga Ulio Ndani ya Mpira

Dukani tairi zote ni nyeusi, na muuzaji atakuonyesha mikato ya usoni kisha akutajie bei. Kinachozitofautisha hasa huwezi kukiona: ni unga uliochanganywa na mpira. Mpira mtupu, hata uwe mzuri kiasi gani, ungelika barabarani kama kifutio. Kwa hiyo kiwandani huongezwa kaboni nyeusi, yaani masizi yanayotengenezwa kwa kuchoma mafuta mazito kwa hewa haba, au silika, ambayo ni ndugu wa mchanga. Kwenye sehemu inayokanyaga barabara, unga huo hukaribia theluthi moja ya uzito.

Siri iko kwenye udogo. Chembe za kaboni ya tairi nyingi zina upana wa nanometa 20 hadi 30 hivi (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na gramu moja tu ina eneo la mita za mraba 80 au hata zaidi la kushikana na mpira. Ushikaji huo ni wa kweli: mchanganyiko ambao bado haujapikwa kiwandani kuwa tairi ukilowekwa kwenye kiyeyushi, sehemu ya mpira hukataa kubanduka kwenye chembe. Chokaa, unga mwingine unaochanganywa na mpira, haina nguvu hiyo. Chembe zake za kawaida ni kubwa, hujaza nafasi na kupunguza gharama, basi. Mwache anayetengeneza zulia la mlangoni aitumie.

Silika ni mkaidi. Inapenda maji kuliko mpira, na chembe zake hujikusanya zenyewe mabonge. Ndiyo maana huwekewa sileni, kemikali ambayo upande mmoja hushika silika na mwingine hushika mpira kwa salfa. Michelin ilileta tairi za namna hii sokoni mwaka 1992. Zinapoteza nishati kidogo zikizunguka, hivyo hupunguza matumizi ya mafuta, na hushika vizuri lami iliyolowa.

Kwa mwenye gari dogo la mjini, mimi ningepanga hivi.

Ya kwanza: tairi mpya yenye silika. Tairi yenyewe dukani haitakuambia, lakini tairi zinazouzwa Ulaya hupewa daraja la A hadi E kwa matumizi ya mafuta na kwa kushika barabara yenye maji. Tafuta modeli yako mtandaoni. Ikiwa na A au B pande zote mbili, karibu hakika silika imo. Kwa masika ya Dar es Salaam au Mombasa, daraja la maji ndilo ningelilipia.

Ya pili: tairi mpya ya kaboni nyeusi. Ukiishi kwenye changarawe, ipandishe iwe ya kwanza. Na kwa lori wala usijadili: mpira wa asili, yaani ule wa utomvu wa mti, na kaboni hupatana vizuri kuliko mpira huo na silika, hustahimili kukatwa na mawe, na mpira wa asili haupati joto kupita kiasi chini ya mzigo. Kaboni pia hunyonya mionzi ya jua, jambo lisilo dogo huku kwetu.

Ya tatu: tairi iliyobandikwa uso mpya. Kwa lori, ikitoka karakana inayokagua mwili wa tairi kwanza, ni akiba ya maana. Kwa gari dogo ningeiacha.

Ya mwisho: mtumba. Mikato inaweza kuwa mirefu na mpira umeshazeeka, kwa sababu oksijeni huendelea kuukakamaza hata tairi ikiwa stoo. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilizochapwa ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kunja ubavu kwa mkono utafute nyufa ndogo. Tairi iliyopakwa rangi ing'ae, mwambie muuzaji aifute kwanza. Akikataa, nenda duka la pili.