Pablik difenda aliyemsimamia mdogo wangu akiwa ameshaapa jeshini: nyota 4 kati ya 5

Nimechelewa kuandika hii rivyuu maana nilitaka kesi iishe kabisa kwanza. Sasa imeisha na dogo yuko kambini, kwa hiyo naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua vijana wetu wengi hapa Marekani wanajiandikisha jeshini na ndugu zao hawajui cha kufanya likitokea la kutokea. Huduma ninayoizungumzia ni pablik difenda, yaani ofisi ya mawakili wa umma ya kaunti yetu, wale anaopewa mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili.

Mdogo wangu ana miaka 19, ana grin kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja ila bado siyo raia, hajamaliza hata miaka mitatu hapa. Alijiandikisha Army, jeshi la nchi kavu, akafanya mtihani, akapimwa pale MEPS, kituo cha kupima na kuapisha wanaoingia jeshini, akanyoosha mkono akaapa. Tukapiga picha, mama nyumbani akalia kwenye simu. Kumbe kile kiapo cha kwanza hakikupeleki kambini siku hiyo, kinakuingiza kwenye kitu wanaita DEP, yaani unasubiri tarehe yako ya kwenda kuwa kuruta, sheria inaruhusu kusubiri mpaka siku 365, na siku ya kuondoka unaapa tena mara ya pili. Hapo katikati sheria za kijeshi bado hazikushiki, ukikamatwa unakamatwa kama mtu yeyote wa mtaani na unapelekwa mahakama ya kawaida.

Zilibaki wiki sita. Akaenda dukani na rafiki yake, mlangoni mlinzi akawasimamisha, kwenye begi alilobeba dogo zikakutwa hedifoni ambazo hazijalipiwa. Shitaka la wizi, kosa dogo kwa jina tu, maana kifungo chake kilikuwa kinafika mwaka mzima.

Kwanza tulienda kwa wakili wa kulipia, simtaji. Dola 1,500 nilizokopa. Siku ya mahakama tukaongea naye kwenye korido dakika tano labda, simu mkononi, akasema kiri leo, utafanya masaa ya huduma kwa jamii, ukimaliza miezi sita kesi inafutwa, hakuna atakayejua. Jamani nilishukuru mpaka nikataka kulia. Bahati kesi ikaahirishwa siku ile, na yule bwana akadai nyingine 2,000 ili aendelee, hatukuwa nazo. Ndiyo dogo akajaza fomu ya kipato akapewa wakili wa umma. Hiyo ni haki yake, siyo hisani ya mtu: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo 1963 kwenye kesi ya Gideon kwa makosa makubwa, na 1972 ikaongeza kwamba hata kwa kosa dogo mtu hawezi kufungwa bila kupewa wakili.

Yule mama wakili, swali lake la kwanza kabla hata ya kuuliza nini kilitokea dukani: "Una uraia au grin kadi?" La pili: "Kuna kazi, shule, jeshi, leseni yoyote inakusubiri?" Dogo akatoa ule mkataba wa jeshi, ameukunja mara nne, akauweka mezani. Mama akausoma wote sisi tumekaa kimya. Halafu akasema kwa sasa usikiri chochote.

Akatueleza taratibu, naomba msome hapa vizuri. Kwa watu wa uhamiaji, ukikiri kosa na hakimu akakupa adhabu au masharti yoyote, hiyo ni hatia hata kama mahakama itakuja kuifuta baadaye. Na wizi uliotendwa ndani ya miaka 5 tangu uingie nchini, kama sheria inaruhusu kifungo cha mwaka 1 au zaidi, unaweza kukuondoa nchini. Jeshi nalo hivyo hivyo, ile mipango ya kufanya masaa ili kesi ifutwe wao wanaihesabu dhidi yako, wanataka uandike kila ulipokamatwa hata kama faili limefungwa, na huwezi kusafirishwa kambini wakati una kesi wazi au uko kwenye probesheni, yaani chini ya uangalizi wa mahakama. Kwa hiyo ule ushauri wa "hakuna atakayejua" ungemvunjia vyote viwili kwa saini moja! Tangu 2010, kesi ya Padilla, wakili anawajibika kumwambia mteja asiye raia madhara ya kukiri kosa. Yule wa kwanza hata hakumuuliza kazaliwa wapi. Inaniuma mpaka leo.

Kitu kingine, mama alikiri yeye si mtaalamu wa uhamiaji, akampigia anayejua, siku mbili baadaye akaturudishia jibu. Sikutegemea hilo.

Halafu akauliza risiti. Dogo alilipia vitu vyake mwenyewe, soksi na maji, na risiti alikuwa nayo bado kwenye mfuko wa jaketi, imefifia lakini dakika inaonekana, 7:42 jioni. Mama akaandika barua siku hiyo hiyo kuomba video ya kamera ya dukani kabla haijafutwa. Video ilipokuja, 7:42 dogo yuko kaunta analipa, begi liko chini nyuma yake, na mkono unaoingiza zile hedifoni siyo wake. Niliangalia mara tatu.

Sasa kuhusu jeshi. Afisa aliyemwandikisha dogo alimwambia anyamaze tu, asiandike popote. Mama wakili akasema hapana, kuingia jeshini kwa kuficha ni kosa la jinai lenyewe kwenye sheria ya kijeshi, utaponea mahakama hii ukaangukie ile. Dogo akatoa taarifa kwa maandishi na tarehe ya kusafiri ikasogezwa. Na wale wanaosema hakimu atakuachia ukimwambia unaenda jeshini, hayo ni mambo ya zamani, kanuni za Army zinakataza kumchukua mtu kama mbadala wa kesi, na afisa uandikishaji haruhusiwi kukuombea mahakamani.

Miezi minne baadaye mwendesha mashtaka akafuta shitaka, bila kukiri, bila masharti. Tukaenda kwa karani kuchukua nakala yenye muhuri inayoonyesha kesi imeisha vipi. Msisahau hiyo karatasi, MEPS waliitaka, na bila hiyo asingeapa mara ya pili.

Nyota moja nimeitoa na naitoa kwa haki. Simu hawapokei aisee, unaacha ujumbe mpaka sanduku linajaa. Mara mbili alitumwa wakili mwingine ambaye hajasoma faili, ikabidi nianze kueleza upya mlangoni wakati jina la dogo linaitwa. Wana kesi nyingi kupita kiasi, niliona mafaili yamepangwa mpaka sakafuni, lakini mtu mwenye hofu akisubiri siku nane bila jibu anaumia. Kilichotusaidia ni imeili, fupi, namba ya kesi juu kabisa, hizo mama alikuwa anajibu hata usiku. Na ukienda mwenyewe nenda saa mbili asubuhi wanapofungua, beba grin kadi, mkataba wa jeshi na risiti yoyote uliyonayo hata kama imefifia.