Waini nyekundu ya Italia kutoka mashamba ya kale: ukiwa na hela ya kuanzia, chukua ipi?

Wakuu, kama unataka waini nyekundu ya Italia kutoka shamba lenye historia ila zile chupa za bei za kutisha huziwezi, pa kuanzia ni Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, na mimi nazipanga kwa swali moja tu: hela yangu inaenda kwenye zabibu za shamba au inaenda kwenye jina?

Namba moja ni Brolio ya Ricasoli. Ni Chianti Classico, yaani waini ya eneo la kale la Chianti huko Toscana. Familia hii na kasri la Brolio ni tangu 1141, na Bettino Ricasoli wa ukoo huohuo, aliyewahi pia kuwa waziri mkuu wa Italia, ndo aliandika mwaka 1872 Chianti ichanganyweje, zabibu ya Sangiovese ikiwa ndo msingi. Humo unapata cheri, uchachu mzuri, na ule ukavu kwenye ufizi ambao ukila na nyama yenye mafuta unalainika kabisa, ila ukiinywa kavukavu bila chakula utaiona kali, usiseme hukuambiwa.

Ya pili Nipozzano Riserva ya Frescobaldi. Hii ni Chianti Rufina, eneo jingine la Chianti milimani mashariki ya Firenze, kwahiyo usitafute nembo ya jogoo mweusi kwenye shingo ya chupa, yule ni wa Chianti Classico. Riserva maana yake imetunzwa miaka 2 au zaidi ndo iuzwe, na ladha ya pipa utaisikia, wengine hawaipendi. Ikiwa kwenye ofa naipandisha juu ya Brolio.

Tatu Pèppoli ya Antinori, laini, inamfaa mgeni wa waini. Ila Antinori wako kwenye biashara hii tangu 1385 na shamba la Pèppoli wamelinunua 1985, kwahiyo ukale hapo ni wa familia.

Mwisho Santa Cristina, haohao Antinori. Rahisi zaidi, ila lebo inasema Toscana IGT, yaani zabibu zinaweza kutoka kona yoyote ya Toscana. Kwa pasta ya jioni poa tu. Le Difese ya wenye Sassicaia, ile waini maarufu ya bei ya kutisha, sijaipanga kabisa, bei yake inavutwa juu na jina la dada yake huyo.

Dukani geuza chupa utafute maneno imbottigliato all'origine, hapo kwa kawaida zabibu ni zao na wamejaza chupa wenyewe. Kama uko Dar au Mombasa iweke friji dakika 20 kwanza, kwa joto la huku utasikia pombe tupu puani.